Mashairi ya Njiani

Mangapwani ni kijiji cha pwani ya magharibi ya kisiwa cha Unguja, kaskazini ya mji. Wengi wa watu wake ni wavuvi na wakulima, lakini wako pia waendao mjini kila siku kwa kazi au kwa masomo. Hao hupanda daladala asubuhi na mapema, wakapita Chuini na Bububu, na jioni hurudi kwa njia ile ile. Safari ya kila siku huchosha, illa kwa yule apendaye kusoma.

Daladala nyingi zimeandikwa maneno kwa rangi, mbele na nyuma. Mwenye gari huchagua dua, au jina, au methali. Gari likiandikwa "Haraka haraka haina baraka", nalo likaenda mbio, abiria hucheka. Lakini mwanafunzi na ahesabu: kila nusu ya methali hiyo ina mizani sita, na kila nusu imekoma kwa kina cha "ka". Basi imepimwa kama mshororo wa shairi.

Ndani ya gari yako maneno mengine. Katika magari ya mabodi ya mbao abiria hukaa wakielekeana, na wanawake wengi huvaa kanga. Kila kanga ina pindo, ina mji, na chini ya mji lina jina lake, yaani maneno yaliyopigwa chapa. Zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Mwanamke aondokapo kushuka, jina la kanga yake husomeka wazi.

Hata nchi za mbali watu husoma mashairi safarini. Mwaka 1986, katika mji wa London, mwandishi Judith Chernaik na washairi Cicely Herbert na Gerard Benson walianza kuweka mashairi ndani ya treni zipitazo chini ya ardhi, mahali pa matangazo ya biashara. Mwaka 1992 mji wa New York nao ulifanya hivyo. Mashairi hayo huchaguliwa na watu wachache kwa ajili ya wasafiri wote, wala hayamlengi mtu mmoja.

Jina la kanga huweza kumlenga mtu. Mwanamke huichagua kanga dukani kwa kulipenda jina lake, na pengine huivaa kwa kusudi: kumshukuru mama, kumwonya jirani, au kumjibu aliyemsengenya. Na huyo jirani huenda amekaa benchi la pili. Mtoto akilisoma jina hilo kwa sauti kuu, hudhani anaonyesha ujuzi wake. Kumbe neno lililonyamaziwa amelitia vinywani mwa watu wote, na ugomvi wa nyumba mbili sasa ni wa gari zima. Ndiyo maana mtoto mwenye adabu husoma kimoyomoyo, akatazama njia.

Jioni rangi za magari hujaa vumbi, na kanga hufuliwa zikaanikwa uani. Lakini mtoto yule amerudi Mangapwani na maneno aliyoyahifadhi, akiyahesabu mizani yake kwa vidole, wala hakumwudhi mtu. Huyo ndiye aliyekwisha kujua kusoma.