Kombe la Zambarau

Naomba nianze kwa kukiri jambo, ndugu msomaji. Kwa muda mrefu niliamini kuwa kinachonizuia kuwa mwandishi ni kalamu. Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nikiandika riwaya kwenye madaftari ya shule, kwa biki, na kila nikikwama nailaumu biki. Mwandishi wa kweli, nilijiambia, anatumia kalamu ya wino.

Kalamu yenyewe ninayo. Aliniachia babu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wino ndio sikuwa nao, mpaka binamu yangu, anayeosha magari ya mitumba yanayoshuka bandarini kutoka Japani, alipokuta kichupa kwenye dashibodi. Mwenye gari akamwambia chukua tu. Jioni akaniletea: "Shika, mwana. Si wewe ndiye mwandishi wetu?"

Kilikuwa cha kioo kizito, mililita 50, na chini kina kishimo ambamo wino wa mwisho hukusanyika usipotee. Kibandiko kilisema *iroshizuku*, halafu *murasaki-shikibu*. Nikadhani ni majina ya wenye kiwanda. Nilipofuatilia, kumbe kiwanda ni Pilot, kampuni iliyoanza Tokyo mwaka 1918, na wino wa aina hii imeanza kuuuza mwaka 2007. *Iro* ni rangi, *shizuku* ni tone. Na *murasaki-shikibu* ni kichaka chenye vitunda vya zambarau, kilichopewa jina la mwanamke aliyeandika *Hadithi ya Genji* mwanzoni mwa karne ya 11. Nilishtuka, jamani. Mimi niliyekuwa natafuta kuwa mtunzi wa riwaya nimeletewa chupa yenye jina la mtunzi wa riwaya!

Rangi yenyewe ina makuu yake. Zambarau ya kale ya Wajapani ilitoka kwenye mizizi ya mmea uitwao *murasaki*, ambao ua lake ni jeupe. Zamani zile za makao ya mfalme Kyoto, zambarau iliyokolea haikuvaliwa na kila mtu. Ilikuwa ya wakubwa. Karne nyingi baadaye, katika enzi ya Edo, serikali iliwabana hata wafanyabiashara wenye fedha zao wasivae rangi za kifahari. Basi watu wakageukia kahawia, kijivu na bluu, wakazizalisha mpaka ukazuka msemo wa "kahawia arobaini na nane, panya mia moja". Panya ndiyo kijivu chao. Kuna panya wa fedha, kuna mpaka panya wa ua la mcheri, yaani kijivu chenye waridi kwa mbali. Ukimnyima mtu rangi moja, atakuonyesha mia ndani ya zile ulizomwachia.

Kwa wino huo nikaandika sura ya saba. Sura hiyo ilinishinda miaka miwili, kwa sababu inahusu asubuhi baba alipoondoka nyumbani na begi lake na asirudi. Safari hii ilitoka. Usiku tatu, kurasa kumi na nne, zambarau tupu. Mdogo wangu wa kike, aliye darasa la saba, alikuwa akizisoma kila alfajiri kabla ya kwenda shule, bila hata kuniomba ruhusa.

Ikaja masika. Bati letu lina tundu tulilolizoea, tunaweka ndoo, maisha yanaendelea. Usiku ule tundu likahama. Nilipoamka daftari lilikuwa limelala kwenye dimbwi, na maji yamegeuka zambarau nzuri kupita kiasi. Mama akalitazama, akasema taratibu, "Mwanangu, umetengeneza kombe. Sasa utalinywa?"

Sikucheka. Nilianika kurasa juani. Kilichobaki kilikuwa kijivu chenye waridi kwa mbali. Panya wa mcheri, nikawaza, na machozi yakanitoka.

Baadaye nilielewa kosa langu. Wino wa kalamu hizi ni rangi iliyoyeyushwa majini ili usigande na kuziba ncha; kilichoyeyuka majini, maji yatakidai tena. Bibi Murasaki aliandika kwa *sumi*: masizi yaliyokandwa kwa gundi ya wanyama, yakasuguliwa juu ya jiwe kwa maji, yakachovywa kwa brashi. Huo ukikauka, umekauka. Nikakaribia kujifariji kuwa siri ni masizi. Lakini nikagundua jambo jingine: hakuna hata karatasi moja ya *Genji* ya mkono wake iliyobaki. Tunayo kwa sababu watu waliinakili, kisha wengine wakanakili nakala. Binti mmoja, anayejulikana tu kama binti wa Takasue, alipewa juzuu hamsini na kitu mnamo 1021, akasoma mchana na usiku, akayaandika hayo katika kumbukumbu zake. Wasomaji wa namna hiyo ndio walioibeba.

Nilikuwa bado nimenuna mdogo wangu aliponijia na biki yake ya shule. "Kaka, andika, nikusomee." Kichwani, yaani. Akaanza: begi, viatu vilivyopigwa kiwi, mlango. Nikawa naandika kama mwanafunzi wa imla. Tulipofika mwisho akasema, "Halafu baba akasimama kona, akageuka, akautazama mlango."

Nikainua kalamu. "Hapo sikuandika hivyo."

"Uliandika, kaka."

Niliipekua karatasi ile ya kijivu, nikaiweka kwenye mwanga. Haikusoma kitu. Mimi asubuhi ile nilikuwa dirishani, na ninavyokumbuka hakugeuka. Yeye alikuwa mchanga mgongoni kwa mama.

Nimeandika kwamba aligeuka. Kwa biki.