Mama Ndiye Mwenye Kamera

Kwa miaka mingi nimelipwa kutazama watu wasionijua. Kazi yangu hapa Doha ni ulinzi, si ule wa kusimama langoni na rungu, bali ule wa ndani, katika chumba cha baridi chenye ukuta mzima wa skrini. Wakenya wa kazi hii ni wengi Qatar, hasa tangu maandalizi ya Kombe la Dunia la 2022. Ukikaa humo muda mrefu unaanza kuamini kwamba kinachoonekana kimeshalindwa. Imani hiyo ndiyo niliyoipeleka nyumbani Ainabkoi.

Sababu ilikuwepo. Mama alikuwa amebaki na kijana wa boma, ng'ombe wa gredi wachache na stoo ya viazi. Usiku mmoja mtamba akatolewa zizini, kamba imekatwa kwa kisu, na ukungu ukawaficha waliomchukua. Kwetu ni juu. Reli ya Eldoret hupanda zaidi ya mita 2,700 hapo jirani karibu na Timboroa, na kuna usiku ambapo tochi haikuonyeshi hata lango lako mwenyewe. Nikatuma pesa. Fundi akatoka mjini, akafunga kamera nne: langoni, zizini, stoo na barazani. Ya barazani, iliyotazama mlango wa jikoni, niliitaka mimi.

Bomani hakuna waya wa intaneti, kwa hiyo aliweka ruta ya laini ya simu. Kampuni ya simu huwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo huwezi kuifikia DVR, yaani mtambo unaorekodi picha za kamera, moja kwa moja kutoka nje. DVR yenyewe ndiyo hutoka, ikaenda kwenye kompyuta za mtengenezaji na kungoja huko. Simu yangu nayo huenda hapohapo, zote mbili zinatambulishwa, picha inaanza kupita. Unachofanya ni kuelekeza simu kwenye ile alama ya mraba iliyobandikwa chini ya mtambo. Fundi alimaliza kabla chai haijapoa.

Doha na Ainabkoi saa ni moja. Nikitoka zamu jioni, mama anakamua. Nikawa namwona akivuka uwanja, nampigia: mbona hujavaa sweta? Mbona kijana amechelewa na nyasi? Huyo mgeni aliyekaa barazani ni nani? Mwanzoni alijibu akicheka. Halafu akawa anajibu kwa ufupi. Halafu kamera ya barazani ikaonyesha maua mekundu tu, nikadhani lenzi imeharibika. Ilikuwa leso.

"Mtu huingia kwa watu kwa hodi," akaniambia nilipopiga. "Wewe leo umeingia mara ngapi?" Nikanyamaza. Akaongeza, bila hasira: "Na nani mwingine ananiona?"

Swali hilo la pili ndilo lililonigeuza, kwa sababu kazini ningelijibu papo hapo. Qatar ina Sheria Na. 9 ya 2011 kuhusu kamera za usalama. Inakataza kamera vyumbani mwa kulala na vyooni, na inataka picha zihifadhiwe siku 120. Kwetu kazini kila anayefungua picha za zamani anaandika jina lake. Mama yangu hakuwa na daftari la namna hiyo. Alikuwa pia na sababu zake za kuuliza. Amekaa maisha yake yote karibu na Burnt Forest, ameona machafuko ya uchaguzi ya 1992 na yale ya mwanzo wa 2008. Mtu aliyepita hapo hapendi jicho asilojua mwenyewe ni nani.

Nikafungua programu nikitafuta mwenye akaunti. Hakuwa mimi. DVR ilisajiliwa kwa simu ya fundi, mimi nilikuwa mgeni tu aliyealikwa. Nenosiri lilikuwa lilelile la kiwandani. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Nadhani ilimrahisishia kazi mteja akipiga simu na shida. Lakini nikajiuliza ni maboma mangapi yaliyo katika simu ile moja. Na nenosiri la kiwandani si jambo dogo. Mwaka wa 2016 programu haramu iitwayo Mirai iliteka kamera na rekoda za watu duniani kwa kujaribu tu maneno ya namna hiyo, na tarehe 21 Oktoba zikatumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn hadi Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Wenye kamera hizo hawakujua lolote.

Nilipopata likizo tulianza upya. Fundi akaiondoa DVR kwenye akaunti yake bila ubishi. Nikaweka nenosiri refu, nikapakua programu mpya ya mtambo, nikazima ruhusa ya ruta kujifungulia njia. Kisha nikampa mama simu yake aielekeze kwenye ile alama kabla yangu. Mwenye akaunti akawa yeye.

Akanigawia lango na zizi. Stoo akanikatalia, eti bei ya viazi hainihusu. Ya barazani tukaihamishia kona ya boma, tukaigeuza isione kwa jirani. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeyaacha kando mambo ya nyumbani kabisa, lakini jirani ni jirani, na ndiye mwenzetu katika ulinzi wa Nyumba Kumi.

Jirani huyo amefaa kuliko kamera zote nne. Usiku wa ukungu mwanga wa kamera hurudi machoni pake na picha huwa nyeupe tupu. Buibui akitanda utando, simu hulia kama kuna jeshi. Siku nilipoona kweli watu wawili langoni, nikiwa zaidi ya kilomita 3,000 mbali, nilichoweza kufanya ni kumpigia jirani. Alikuwa mmoja wa hao wawili. Mama alishawafungulia, kwa sababu mbwa walibweka kabla ya simu yangu kulia.

Bando hununua yeye, kwa hiyo amejifunza haraka. Kurekodi hakuli bando, picha hubaki ndani ya DVR. Kutazama ndiko kunakokula: picha kamili ya megabiti 4 kwa sekunde humaliza karibu gigabaiti 1.8 kwa saa, ile ndogo ya kilobiti 512 megabaiti 230 hivi. Amenifungia kwenye ile ndogo.

Chama chake kikikutana ananiondoa kabisa, hunirudisha wanawake wakishaondoka. Ndugu yangu wa Nairobi naye ameomba aongezwe. Mama amemwambia kwanza aje nyumbani.