Nyati wa Paestum na adui asiyeonekana

Ukimtajia Mkenya nyati, mawazo yake hukimbilia mbogo wa Aberdare, mnyama asiyefaa kukaribiwa hata kidogo. Lakini ukibahatika kufika Paestum, kusini mwa mji wa Salerno nchini Italia, utashangaa kuwakuta nyati wakikamuliwa kama ng'ombe wa Kiambu.

Paestum ina mahekalu matatu ya Wagiriki wa kale, ambayo yamesimama kwa zaidi ya miaka 2,400. Watalii wengi hufuata hayo. Wewe usirudi kabla ya kupita kwenye mashamba ya jirani. Huko nyati wa maji, weusi tititi na pembe zimepinda nyuma, hujilaza matopeni kukwepa jua na nzi. Maziwa yao yana mafuta karibu mara mbili ya yale ya ng'ombe, nayo hutengenezwa mozzarella, jibini jeupe la kutandazwa juu ya pizza. Tangu mwaka wa 1996, jina la jibini hilo la nyati wa Campania linalindwa kisheria katika Jumuiya ya Ulaya.

Ukifika uani, tazama ngozi za wanyama. Nyati anayejisugua nguzoni bila kupumzika, manyoya yamempukutika na ngozi imekuwa nene yenye magamba, huenda ana upele. Ugonjwa huu huletwa na utitiri, wadudu wa ukoo wa kupe ambao hawafiki hata urefu wa milimita moja. Msimu wa baridi, nyati wanapobanana bandani, utitiri huhama upesi kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Mnyama anayejikuna kutwa hali vizuri. Hukonda, na maziwa hupungua.

Dawa ipo, lakini si kila dawa inafaa. Ivermektini, iliyowapatia William Campbell na Satoshi Ōmura sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015, huua utitiri. Hata hivyo, hupenya hadi kwenye maziwa, na kwa hivyo Jumuiya ya Ulaya hairuhusu apewe mnyama anayekamuliwa kwa ajili ya watu. Daktari wa mifugo hukwangua ngozi kidogo, akapima kwa hadubini, kisha huweza kuchagua eprinomektini. Hiyo humiminwa juu ya uti wa mgongo, kuanzia mabegani hadi mkiani, na kinachofika kwenye maziwa ni kidogo mno.

Kumtibu mgonjwa peke yake ni kazi bure, kwani wenzake wanaoonekana wazima huenda wameshaambukizwa. Kundi zima hutibiwa pamoja, nguzo na brashi husafishwa, na mnyama mgeni hutengwa kwanza.

Basi msomaji, ukifika Paestum, piga picha za mahekalu na uonje jibini. Ukiona nyati mwenye ngozi laini inayong'aa, jua kuna mfugaji aliyekumbuka kuwa mdharau mwiba mguu huota tende.