Mbabula Ndani ya Chumba



Mwalimu wetu wa fizike alichora ubaoni vyombo vitatu. Katika kimoja alitia jiwe, katika cha pili maji, cha tatu akakiacha kitupu, akasema: "Mule muko gazi." Tukacheka. Tukaandika katika daftari: kitu kigumu kina umbo lake, maji hufuata umbo la chombo na hutelemka, gazi hujaza chombo chote. Kwenye mtihani tulipata pointi nzuri.

Kwetu Lubumbashi mambo hayo yako mbele ya macho. Ule mlima mweusi wa Gécamines, karibu na shemine ndefu, ni masalio ya shaba iliyoanza kuyeyushwa pale mwaka 1911. Shaba huyeyuka kwenye digrii 1085. Masalio nayo yalitoka tanuruni yakitiririka kama uji, yakapoa, yakabaki pale yalipomwagwa. Moshi ya salfa haikubaki. Ilifuata upepo upande wa kaskazini-magharibi, ikakausha miti. Tunapita pale kila siku, na hatukujifunza kitu.

Mwezi wa saba mwaka uliopita baridi ilikuwa kali. Mama alikwenda kwenye kilio, tukabaki nyumbani watoto wanne. Tulipomaliza kupika bukari, makala yalikuwa bado mekundu. Sisi si wajinga, tulijua moshi ni mbaya. Basi tulingoja nje mpaka moshi iishe kabisa, ndipo tukaingiza mbabula chumbani. Tuliiweka kando ya mlango, na mdogo wetu tukamlaza kona ya mwisho, juu ya kitanda. Tukafunga dirisha, chini ya mlango tukaziba na gunia. Tulifanya kama mtu anayekwepa jiwe au maji: jiwe hubaki ulipoliweka, maji yakimwagika hutafuta pa chini.

Usiku mama alirudi, akabisha sana. Yaya akasikia, akataka kusimama, miguu ikakataa. Akajikokota, akavuta lile gunia, akafungua.

"Mbona mulifunga kila fasi?"

Hatukuweza kujibu. Kichwa kilituuma kama kinapasuliwa, tukatapika. Mdogo hakuamka. Mama alimbeba mpaka nje kwenye baridi, akamwita jina lake, akamwita tena. Jirani akawasha pikipiki.

Hospitalini walimpa oksijeni iliyoshindiliwa ndani ya chupa ya chuma. Munganga alitueleza pole pole, bila kutugombeza. Moshi tunayoiona, alisema, ina vipande vidogo sana vya makala na majivu. Gazi yenyewe, monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu. Inachanganyika na hewa yote, juu na chini, kona kwa kona, na ndani ya damu inachukua nafasi ya oksijeni. Makala mekundu yasiyo na moshi bado yanaitoa. Kumbe tulingoja kinachoonekana kiishe, tukaingiza kisichoonekana! Na kile kitanda cha kona hakikuwa mbali na kitu chochote.

Asubuhi mdogo alifungua macho, akasema: "Nipe mai." Mama akakaa chini palepale.

Sasa mbabula inalala nje, chini ya mwembe. Baridi ikizidi tunalala wanne kitanda kimoja, na mdogo analalamika kila usiku kwamba tunamusukuma.