Juu na Chini

Kosa langu kubwa kazini lilikuwa herufi mbili: J na C, juu na chini. Nilitoka Mwanza nikifuata biashara ya samaki, nikaishia kwenye tope. Pale mwaloni Ggaba watafiti walitafuta mtu wa kushika kamba wakizamisha bomba kwenye sakafu ya Ziwa Victoria, nami nikapanda mashua. Jioni moja mvua ikitupiga, kipande cha mwisho, kile cha chini kabisa, nikakiandika kinyume.

Maabara wakakipasua kwa urefu. Penye J palikuwa na udongo wa kijivu, mkavu, wenye nyufa kama shamba la kiangazi, na ndani yake vijiuzi vya mizizi ya nyasi. Kuelekea C ukageuka tope laini lenye kunuka mayai viza.

Mzee wa maabara akanitazama. "Kijana, ziwa lenu limekauka jana?"

Ndipo nikajua kuwa ziwa hili lote liliwahi kukauka, yapata miaka 15,000 iliyopita. Nyasi zilimea anapoogelea sangara leo. Mvua ziliporudi ziwa likajaa, likamwagika Jinja na kuungana tena na Nile.

Mzee hakuishia hapo. Alinitolea picha ya tope la Bahari ya Kati: mstari mweusi, mweupe, mweusi tena, kama kikoi. Mweusi huitwa sapropeli. Mhimili wa dunia huyumba kama pia inayokaribia kuanguka, na kila baada ya miaka 21,000 hivi jua la kiangazi huwa kali zaidi upande wa kaskazini. Mvua za Afrika huzidi, Nile hufurika, maji baridi hutanda juu ya yale ya chumvi kama kifuniko cha sufuria. Chini hewa huisha, na vijidudu vinavyokufa havimalizi kuoza. Weusi ndio huo. Wa mwisho ulianza kama miaka 10,000 iliyopita, ila kusini mwa Sicily mistari ya zamani, yenye zaidi ya miaka milioni 2, sasa ni miamba inayopandwa kwa miguu.

Hebu fikiri: mvua zetu, zimeandikwa Ulaya! Nami nilishindwa kuandika herufi mbili.

Tangu hapo huchora mshale kabla bomba halijagusa maji. Mke wangu hunicheka, maana hata debe la unga jikoni lina mshale.