Elburgon, mji wa mbao, na fimbo zinazosamehe

Ukitoka Nakuru kwa barabara ya Eldoret, mpenzi msomaji, mwambie dereva wa matatu unakwenda Elburgon, naye atakata kushoto mapema na kushika njia ya Njoro. Kutoka hapo gari hupanda tu. Mashamba ya ngano na mahindi yanapungua, viazi na kabichi vinaongezeka, na yule abiria aliyekuwa amefungua dirisha anaanza kulifunga bila kuambiwa. Elburgon iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Ukienda na mtoto, mbebee sweta, tena la kweli.

Huu ni mji wa mbao. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilipita hapa, na miti ya msitu wa Mau ikapata njia ya kuteremkia. Nairobi ina mapaa mengi ambayo boriti zake zilitoka pande hizi. Tembea kidogo utaona magogo yamelazwa, mbao zimepangwa zikauke, na vijana wawili wamebeba ubao mrefu begani. Watazame vijana hao vizuri wanapotaka kukata kona. Hawawezi kugeuka ghafla. Ubao una uzito hadi ncha zote mbili, nao hukataa kuzungushwa. Liweke jambo hilo akilini, tutalihitaji.

Utaniuliza, na gofu imeingia wapi? Imeingia kwa jirani. Pale Njoro, ulikopita njiani, kuna klabu yenye uwanja wa mashimo tisa, na Nakuru kuna wa mashimo 18. Siku hizi wanaocheza huko si mabwana wakubwa peke yao. Kuna walimu, wakulima, wafanyabiashara wa mbao na wanafunzi wanaojifunza. Wengi wao ni wachezaji wa kawaida, wale ambao kwa wastani hupoteza pigo moja hivi katika kila shimo. Na swali linalowasumbua ni la fedha: je, hizi fimbo mpya zinazosemekana kusamehe makosa zinafaa kununuliwa, au ni maneno ya wenye maduka?

Kwanza tuelewane juu ya majina. Sheria inamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14. Nyingine huitwa mbao, nyingine vyuma. Mbao zilikuwa mbao kweli: kichwa chake kilichongwa kwa mti mgumu uitwao persimmon, na mpini ukatoka kwa mti wa hickory, hadi wakuu wa mchezo huko St Andrews, Scotland, walipokubali mipini ya chuma cha pua mwaka 1929. Mwaka 1979 kampuni ya TaylorMade ya Marekani ikaanza kuuza "mbao" yenye kichwa cha chuma. Leo mbao za dukani karibu zote si za mti tena, jina tu limebaki. Seremala wa Elburgon akisikia hayo atacheka, na ana haki.

Vyuma ndivyo vyenye makali. Vile vya namba ndogo, kama chuma namba 3, vina uso uliosimama karibu wima, nyuzi 21 hivi, na kichwa chembamba kama kisu. Ukiupiga mpira katikati kabisa, huenda mbali na kwa uzuri. Ukikosea kwa upana wa kidole, kichwa hujipinda mkononi na mpira huchepuka uingie vichakani. Severiano Ballesteros wa Uhispania, aliyeshinda mashindano ya Kenya Open mwaka 1978, alijifunza utotoni kwa chuma namba 3 cha zamani kwenye mchanga wa pwani ya kwao Pedreña. Lakini yeye alikuwa Ballesteros. Wewe una kazi Jumatatu.

Ndipo ikaja fimbo chotara, au haibridi. Neno hilo si geni kwa mkulima wa Molo, ambaye amelisikia tangu mahindi chotara ya Kitale yalipotolewa mwaka 1964. Fimbo hii ni mtoto wa mbao na chuma. Ina urefu unaokaribia wa chuma, lakini kichwa kina tumbo nene lenye uwazi ndani, uso mwembamba unaosukuma kama springi, na uzito uliowekwa chini na nyuma. Uzito ukiwa chini, mpira hupaa kwa urahisi. Ukitawanywa mbali na katikati, yaani kwenye ncha na nyuma, kichwa hukataa kujipinda unapokosea. Hapo ndipo wanapoingia wale vijana wenye ubao begani. Kusamehe kwa fimbo ni huko tu: kosa ni lilelile, ila mpira hauadhibiwi sana.

Wataalamu nao hawaidharau. Mwaka 2009, katika mashindano ya PGA huko Hazeltine, Marekani, Y.E. Yang wa Korea Kusini alitumia haibridi kwenye shimo la mwisho, akaulaza mpira karibu na bendera, akamshinda Tiger Woods. Siku hizi kuna hata seti nzima ambazo vyuma vyote, hadi vile vifupi, vimeumbwa kichotara.

Sasa tuzijaribu. Nenda Njoro siku isiyo ya mashindano, piga simu klabuni kwanza, lipa ada ya mgeni, na umchukue kedi. Usimwone kedi kuwa mbeba mizigo. Ndiye shahidi wako. Beba chuma chako cha zamani na ile fimbo unayotaka kununua, ukiwa umeiazima kwa rafiki. (Katika mashindano huruhusiwi kuazima fimbo ya mchezaji mwingine uwanjani, kwa hiyo fanya haya katika mazoezi.) Piga mipira kumi kwa kila moja, ukibadilisha baada ya kila mitano ili uchovu usiipendelee yoyote.

Kisha usihesabu ule mpira mmoja ulioruka kama ndege. Huo ndio unaouza fimbo dukani. Mwambie kedi akuonyeshe ile mitatu mibaya kuliko yote ya kila fimbo, na upime ilipoangukia. Kama mitatu ya chuma cha zamani imo msituni na mitatu ya chotara imo nyasini, umepata jibu. Kama yote imo msituni, tafuta mwalimu kabla ya kutafuta fimbo.

Jihadhari na namba. Chuma namba 7 cha zamani kilikuwa na nyuzi 34 hivi. Vingi vya leo vya kusamehe vina 30 au chini yake, ingawa chini yake pameandikwa 7 ileile. Hakika kitapeleka mpira mbali zaidi, kwa kuwa kwa kweli ni namba 6 au 5 iliyovalishwa namba ya 7. Linganisha nyuzi kwa nyuzi.

Tena kuna hewa. Njoro iko zaidi ya mita 2,100 juu, hewa ni nyepesi, na mpira wa mpigaji mzuri huenda mbali zaidi kwa asilimia kumi hivi kuliko pwani. Vilevile haupindi sana angani, kwa hiyo hata kosa lako huonekana dogo. Ukichukua vipimo vya Njoro ukaenda navyo Nyali, Mombasa, mpira utaanguka kabla ya ulipotarajia.

Na usisahau nyasi. Zile nyasi nene za nyanda zetu za juu, ambazo dunia nzima huziita Kikuyu, zimefika hadi Riviera, uwanja mashuhuri wa Los Angeles, ambako wachezaji wa Marekani huzilalamikia kila mwaka. Hushika kisu chembamba kama mkono wa mtu. Tumbo la chotara hupita juu yake kwa wepesi. Wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa ngumu na nyasi zimekauka, tumbo hilohilo linaweza kudunda na kuupiga mpira kichwani. Kwa hiyo jaribu mara mbili, mvua na jua, kabla ya kutoa hela.

Kwa maoni yangu, mchezaji wa kawaida wa pande hizi hana haja ya seti nzima. Atoe namba 3 na 4 mfukoni, anunue chotara mbili zilizotumika zenye mpini usio mzito, na abaki na vyuma vyake vifupi alivyovizoea. Bei ya seti mpya inakaribiana mno na karo ya muhula, na mama watoto anajua kuhesabu.

Ukimaliza kabla ya saa nane, panda Elburgon ule viazi vya moto, kwani alasiri mvua hupenda kuteremka kutoka Mau. Viazi vya kubeba nyumbani vinauzwa kando ya barabara. Chagua gunia mwenyewe, na umwombe kondakta alifunge vizuri juu ya gari, mbali na mfuko wa fimbo.