Bodi Iliyooshwa kwa Maji

Jumamosi moja, kwenye karakana ndogo nje kidogo ya Manchester, nilimwona mzee wa Kiingereza akiitia sinkini bodi ya mashine ya mchezo wa video wa Pac-Man, akaimiminia maji ya uvuguvugu na kuanza kuisugua kwa mswaki. Wageni wenzangu waliachama. Mimi nilicheka, kwa sababu jambo hilo nilishaliona Garsen, Kenya, nikiwa mtoto.

Mafuriko ya El Niño ya 1997 yalipoingia kwetu Ndera, redio ya baba ililala siku mbili kwenye tope la Mto Tana. Maji yalipopungua tuliipeleka Garsen kwa fundi. Akaifungua, akaitoa bodi na kuimwagia maji safi.

"Fundi, unaizamisha mara ya pili?" baba akauliza.

"Mzee, redio haifi kwa maji. Inakufa kwa tope, na kwa mwenyewe kuiwasha ingali mbichi."

Akaianika kwenye ungo siku mbili. Ilipokauka, alilehemu waya uliokatika kwa chuma alichokipasha moto kwenye jiko la makaa. Mto wetu huohuo unazungusha mitambo ya umeme ya Masinga na Kiambere huko juu, lakini kwetu umeme ulikuwa betri ya gari.

Turudi Manchester. Pac-Man ilitoka Japani mwaka 1980, kampuni ya Namco, na ubongo wake ni chipu ya Z80. Hii ya mzee ilikuwa ikiwaka, lakini kioo kimejaa herufi zisizosomeka. Baada ya kuisafisha alinionyesha ukingo wa bodi: meno yanayoingiza umeme yalikuwa yameungua, meusi kama sufuria ya kuni. Ugonjwa huo ni wa kawaida kwa bodi hizi, maana umeme mwingi hupitia hapo na joto hula meno miaka na miaka. Alikuwa na mchoro wa saketi kutoka kiwandani, akaufuata kwa kidole na kwa mita, mguu wa chipu baada ya mguu. Kila alichopima alikiandika daftarini: tarehe, namba ya mguu, volti. Ilimchukua Jumamosi tatu.

Fundi wa Garsen mchoro angeupata wapi? Alinusa bodi, akaigonga kwa mpini wa bisibisi huku ametega sikio, akatafuta kapasita iliyovimba kichwa. Spea zilikuwa kwenye makopo ya maziwa, zimechomolewa kwenye redio zilizokufa. Na hakuwa na Jumamosi tatu za kuchezea. Wateja walitaka kusikia taarifa ya saa moja jioni.

Kinachonishangaza ni kwamba mzee huyuhuyu, birika lake la umeme lilipoharibika, alilitupa bila hata kulifungua. Jipya ni rahisi kuliko fundi, alisema. Pac-Man anaitengeneza kwa sababu aliicheza akiwa mvulana. Kwetu hakuna aliyetengeneza kitu kwa ajili ya utoto wake. Kilitengenezwa kwa sababu kilihitajika kesho.

Simcheki mzee, wala sioni haya kwa ajili ya fundi wetu. Ninachokionea wivu ni lile daftari. Fundi alipoacha kazi, makopo ya spea yaligawanywa kwa vijana, lakini ile pua na lile sikio alibaki nayo mwenyewe. Hakuna aliyeandika lolote.

Jioni ya ile Jumamosi ya kwanza nilimpigia simu fundi wa Garsen, nikamsimulia habari ya sinki. Hakushangaa hata kidogo.

"Ataianika siku ngapi?"

"Ameiwekea feni, fundi. Usiku mmoja."

"Haraka ya nini? Mwambie chini ya chipu maji hujificha."

Jumamosi iliyofuata niliufikisha ujumbe. Mzee akafikiri, akafungua daftari lake, na chini ya vipimo vyake vya volti akaandika: Garsen, siku mbili.